Nilichofagia Ijumaa Ile

Sungura aliingia uani kwetu siku ya mvua, akipitia tundu la mfereji wa maji machafu. Akaketi chini ya ukingo wa paa, akajipangusa uso kwa mikono miwili kama mgeni aliyefika salama. Alikuwa mweupe, mnene, mwenye macho mekundu, na hakutuogopa hata kidogo. Kwa hilo tulijua kwamba si wa porini. Pale Nakuru, waliofuga sungura wa aina ile walikuwa Wazungu wa kule juu mlimani, nasi tulikaa Bondeni.

"Arudishwe kwa wenyewe," mama akasema.

"Na nani?" akauliza baba, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake. "Siku hizi za Hali ya Hatari, nikabishe mlango wa Mzungu niseme nini? Nitiwe ndani kwa ajili ya sungura?"

Basi akabaki, akawa wangu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Nilimweka katika kasha la chai kwenye banda la jiko, nikamtandikia nyasi kavu, nikamlisha maganda ya viazi na majani ya kabichi niliyookota sokoni. Nilimpenda kwa pupa, kama mtu apendavyo kitu anachojua kwamba si chake.

Baada ya wiki tatu akaanza kujinyonyoa. Aling'oa manyoya ya kifuani kwa meno na kuyarundika pembeni mwa kasha. Mimi nilidhani anapukutika tu, kama kuku. Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Pwani ambaye bara ilimshinda kwa yote isipokuwa ufagio, alidhani ana ukurutu.

"Nywele za mnyama na mkeka wa kuswalia havilali nyumba moja," alisema. "Ijumaa wanawake wanakuja kusoma maulidi. Nisione hata unywele."

Ijumaa hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Menengai, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilifagia uwanja, nikafagia banda. Sungura alikuwa amejikunyata kwenye kona moja ya kasha, na rundo lake likiwa kwenye kona nyingine. Nilimtoa, nikaliinua kasha, nikamwaga kila kilichokuwamo kwenye shimo la majivu nyuma ya choo. Rundo lilikuwa zito kuliko nilivyotazamia. Hilo sitaki kuliacha bila kuliandika. Niliuhisi uzito, lakini nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Bibi alinisifu. Alinipa tende mbili.

Wageni walipokuwa wamesimama ndani wakiimba, nilitoka kumtazama sungura wangu. Alikuwa akiparura mbao tupu za kasha, akienda mbio huku na kurudi mbio kule, akinusa pembe zote nne kisha akianza upya. Ndipo nilipoelewa. Nilikimbia shimoni. Manyoya yalikuwa yakitikisika. Chini yake walikuwamo watoto sita, wekundu, wasio na nywele, wamefumba macho, kila mmoja sawa na kidole gumba cha baba. Watano walikuwa wamepoa kabisa. Wa sita aliangukia pale ambapo majivu ya asubuhi yalikuwa bado na joto, naye alipumua.

Nilimrudisha aliye hai ndani ya kasha pamoja na manyoya yote niliyoweza kuyakusanya. Wale watano nilikuwa bado nimewashika kwenye pindo la gauni langu, bibi na wageni walipotoka uani kunawa mikono.

"Yarabi! Nini hicho?" bibi akauliza.

Juu ya ukuta alikuwa ameketi paka wa jirani, akijilamba mguu.

"Paka," nikasema.

Mwenye paka alikuwa mmoja wa wageni wale. Alikuwa mjane, muuza vitumbua, hakujaliwa mtoto, nasi watoto wa mtaa tulimwita shangazi. Aliweka mkono kifuani.

"Paka wangu? Jamani, paka wangu ni kibogoyo! Hana jino hata moja. Nyama namtafunia mimi mwenyewe."

"Basi hawa aliwamumunya!" akadakia mwanamke mmoja, na ua wote ukaangua kicheko.

"Vyenyewe laini hivi, shoga, vinataka meno ya nini?" akaongeza mwingine.

Mjane naye alicheka kidogo, kwa adabu, huku akitafuta uso wa mtu atakayemwamini. Macho yake yakapita juu yangu. Niliinama nikatazama miguu yangu. Ilikuwa na majivu hadi kwenye vifundo, na hakuna aliyeiona.

Kwetu paka hauawi; ni dhambi. Paka mwenye kosa hutiwa guniani, gunia likazungushwa mara tatu ili asijue njia ya kurudi, kisha akapelekwa mbali. Mjomba alikuwa dereva wa lori la viazi, na Jumamosi alikuwa na safari ya Nairobi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyedhulumiwa, nilipewa heshima ya kushika mdomo wa gunia. Paka alinijua. Alisugua kichwa kwenye kiganja changu, akaingia mwenyewe huku akikoroma kwa raha. Mjomba akalizungusha gunia. Mjane hakutoka nje. Tulisikia mafuta yake yakichemka ng'ambo ya ukuta.

Mjomba alirudi Jumatatu. "Nimemwacha Mai Mahiu, pale malori yanapopoa kabla ya kuupanda mlima," akaniambia, akidhani ananifariji. "Hatalala njaa. Madereva wanatupa mifupa pale mpaka barabarani."

Mifupa.

Wiki ile nzima, kila alasiri, mjane aliweka kisahani juu ya ukuta. Ndani yake mlikuwa na nyama iliyokwisha kutafunwa. Kunguru waliila.

Mtoto wa sungura aliishi. Alipofunikwa na manyoya na kuanza kurukaruka, nilimbeba mpaka kwa mjane. Kutoka mlango wetu hadi wake ni hatua kumi, na katika hatua kumi zile nilikariri maneno yangu: hakuwa paka, shangazi, nilikuwa mimi. Nikafika, nikasema:

"Nimekuletea zawadi."

Alijifuta unga mikononi, akampokea. Kwa kidole gumba akamfunua midomo taratibu, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Huyu ana meno," akasema.

Akaifumba tena midomo ile, akaniinulia macho.

"Una neno, mwanangu?"

Nimekwisha kuandika maungamo mengi ya watu ambao hawakuwahi kuishi. Ungamo langu lilikuwa pale ulimini, na mtu wa kulipokea alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kigoda, akisubiri bila hasira.

"Sina, shangazi."

Akanirudishia sungura polepole, akihakikisha nimemshika vizuri. "Basi mrudishe kwa mama yake. Mikono yangu mimi imezoea paka."

Kisha, kama alivyofanya kila asubuhi tangu nilipoanza kutembea, akaopoa kitumbua kutoka chunguni, akakipuliza kipoe, akaniwekea kwenye kiganja kilekile alichokisugua paka wake. Nilisimama mlangoni mwake nikakila chote, yeye akinitazama. Kilikuwa kitamu.