Hangool Ambayo Haikupigana

Wenzangu tuliokulia Garissa miaka ya tisini, kila tukikutana mnaimba wimbo uleule: enzi zetu zilikuwa tamu. Haya, zilikuwa tamu. Anjera ya asubuhi iliyoloweshwa kwa chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi, nani ameisahau? Na mchanga wa saa saba uliotufanya turuke kama panzi tukitoka madrasa, viatu tumeviacha nyumbani visiishe? Lakini mimi nina jambo langu la enzi hizo, limenikaa kooni mpaka leo, na leo nalitoa.

Likizo moja alikuja binamu yangu kutoka Nairobi. Huko alikuwa ameona mchezo wa kwenye televisheni: mpiganaji anaua joka, anachukua magamba, anampelekea fundi wa silaha, na fundi anamboreshea upanga. Sisi televisheni hatukuwa nayo, na majoka ndiyo kabisa. Tulikuwa na korongo wa jalalani, wale wenye vipara na mfuko shingoni, warefu kutushinda. Basi hao wakawa majoka. Ukimfukuza korongo ukapata unyoya, unamletea fundi, fimbo yako inaboreshwa. Binamu alirudi kwao, mchezo ukabaki kwetu.

Fundi nilikuwa mimi. Si kwa kupenda. Wapiganaji walikuwa Dekow na Noor, ndugu wawili, wana wa watu wa ngamia waliopiga kambi nyuma ya nyumba yetu kwa sababu ya ukame. Mimi sikuwa na ndugu, na mama alishinda sokoni akiuza maziwa. Bila hao wawili, wa kuzungumza nami alikuwa mbuzi. Nilipoomba kupigana, Dekow, yule mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Naa, msichana anapigana wapi? Tutengenezee silaha. Zikiwa nzuri, utaingia."

Nikatengeneza. Na nilitengeneza kwa akili, si kama watoto wa siku hizi wanaochagua kitu kwa sababu kinang'aa. Nilikaa juu ya debe nikatazama kila mmoja anavyopigana. Dekow alitaka fimbo ndefu kuliko zote, sifa tu. Lakini hakuwa na subira, alikurukia mpaka pua yake ikagusa yako, na hapo fimbo ndefu ni kuni. Nikamkatia rungu fupi la mgunga. Alipoleta unyoya wa kwanza, nikamfungia mpira wa tyubu pa kushikia. Wa pili, nikalivisha rungu pete ya bati kichwani. Noor alikuwa mwoga, kila hatua anarudi nyuma. Nikampa ufito mrefu, mwepesi, nikaichoma ncha kwenye makaa na kuipaka mafuta ya kondoo. Nikamwambia, "Rudi nyuma utakavyo, lakini ncha isitoke mbele ya kifua chake."

Jioni ile Dekow, aliyezoea kummaliza mdogo wake kwa mapigo mawili, alimzunguka mpaka adhana ya magharibi bila kumgusa.

"Wallahi umempa uchawi!"

"Nimempa urefu," nikamjibu. "Na zamu yangu imefika."

Alinitazama, akatema mate pembeni. "Ijumaa, baada ya swala. Njoo na yako."

Yangu nilikuwa nimeshaifikiria zamani. Hangool, ule mti wa kuburutia miiba ya zizi: upande mmoja ndoano, upande wa pili panda. Mimi nilikuwa mfupi, sina nguvu ya kupiga. Lakini kuvuta nilijua, kwa sababu miiba ya zizi letu niliiburuta mimi kila siku. Ningemwacha Dekow apige, nilinase rungu lake kwa ndoano, nivute. Nililala nikiota uso wake. Siku tatu nilikuwa naisugua kwa jiwe mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

Alhamisi mawingu yalijaa upande wa Ijara, upepo ukaleta harufu ya mvua. Sikufikiria kitu. Ijumaa nilikwenda na hangool begani. Nikakuta mafiga matatu, majivu, na kinyesi cha ngamia bado kibichi. Uzio wa miiba uko wazi. Nilitafuta mchangani kama wameniachia hata unyoya mmoja. Silaha zote walibeba. Aliyeachwa ni fundi.

Nikakimbilia sokoni nikilia. Mama hakuacha hata kumimina maziwa.

"Watu wa ngamia hawaagi. Mvua ikinyesha, wanaondoka. Na hiyo hangool irudishe nyumbani, kuna miiba."

Niliburuta miiba nayo mpaka ikavunjika.

Mtaniambia walikuwa watoto, waliamshwa alfajiri wakapakiwa pamoja na vyombo. Najua. Hata hivyo hasira sijamaliza. Kutoka kambi yao hadi mlango wetu ni hatua arobaini.

Sasa nina binti, Hodan, wa miaka tisa. Anacheza mchezo uleule, kwenye simu yangu. Hakuna anayemwambia msichana hapigani. Ana silaha mia, amechagua nyundo ya dhahabu kubwa kama mlango, na kila siku anapigwa.

"Hodan, wewe unapenda kukimbiakimbia. Nyundo ya nini? Chukua kitu chepesi."

"Hooyo, hujui game."

Mimi! Nikamnyang'anya simu, nikamchagulia mkuki mwembamba. Akashinda. Nikamuuliza amemshinda nani.

"Sijui. Mtu tu. Ameshatoka."

"Bila kuaga?"

"Hooyo, huku watu hawaagi."

Kisha nikatoka uani nikakata hangool, na fimbo nyingine nikampa yeye. "Simama. Nipige." Akasimama, fimbo mkono huu, simu mkono ule. Akapiga kama anayefukuza nzi. Nikanasa fimbo yake kwa ndoano, kama nilivyopanga miaka ile yote, nikavuta.

Ilikuja yenyewe. Hakuwa ameishika.

Enzi zetu, Dekow angeng'ang'ania mpaka viganja vichubuke.