Karatasi Kwenye Kioo cha Gari

Siku yangu ya kwanza kazini, mtaani Riruta Satellite, nilipewa koti la njano, kipande cha chaki na onyo. Supavaiza wetu, mwanajeshi mstaafu ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliniambia, "Mama Njoroge, hapa utasikia visingizio vya kila aina. Sikiliza vyote, kisha fanya kazi yako." Anayeandika haya ni mjukuu wangu Wairimu. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja, naye nimemkataza kurembesha neno langu lolote.

Kazi yetu ilikuwa kuzuia magari ya wageni kuegeshwa mchana kwenye barabara za makazi. Wenye nyumba walikuwa wamechoka kuzibiwa malango, na chama chao kikaiajiri kampuni yetu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, gari la mgeni halikuruhusiwa kukaa zaidi ya nusu saa. Tulipiga mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine chini yake barabarani. Nusu saa ikiisha na mistari ingali imekutana, tulifunga klampu, yaani lile taya la chuma linaloshika gurudumu. Ufunguo haukukaa kwetu. Aliushika Supavaiza, ili dereva asipate wa kumbembeleza.

Fomu ya kuomba kazi nilijaziwa na jirani. Namba za magari nilizinakili kama mtu anayefuatisha nakshi za kiondo, kikapu chetu cha kusuka, na sikuwahi kukosea hata moja. Palipokuwa na maneno ya kusoma, nilisema nimesahau miwani nyumbani, nikamwomba mwenye kioski anisomee. Miwani sijawahi kuwa nayo.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Olympic, ukingoni mwa Kibera. Vijana wa bodaboda walinizoea upesi, wakanitania kwa jina la kanjo, askari wa jiji.

"Kanjo bandia! Mama Chaki, niaje? Leo unamng'ata nani?"

"Wewe, ukiendelea kusimama hapo."

Olympic walikuwa na kanuni moja zaidi. Mwenye dharura aliandika kwenye karatasi nyumba aliyoingia na sababu yake, akaibana chini ya waipa ya kioo cha mbele. Mlinzi alipaswa kugonga nyumba hiyo kabla ya kufunga klampu. Kanuni ilikuwa nzuri. Aliyeitunga hakufikiria kwamba wangemwajiri mtu kama mimi.

Siku moja, saa sita mchana, nilikuta gari jeupe ambalo chaki yake haikuwa imesogea. Chini ya waipa palikuwa na karatasi. Siku hizo magari yalijazwa vijikaratasi vya mikutano ya injili na vya wauza vitanda. Kioski kilikuwa kimefungwa, na barabarani hapakuwa na mtu wa kumwomba. Ningeweza kungoja mpita njia. Nilijiambia kwamba ni tangazo, nikaitoa, nikaitia mfukoni, nikabana notisi yangu mahali pake, kisha nikafunga klampu.

Sikuwa nimemaliza kufuta mikono lango lilipofunguka. Alitoka Mzee Abdalla, Mnubi anayeuza vitambaa Mashimoni, kule Kibera. Yeye na shemeji yake, mwenye nyumba hiyo, walikuwa wamembeba mkewe, Bi Zainabu, juu ya kiti cha plastiki. Pumzi ilikuwa ikimkatika.

"Fungua, mama! Si nimeacha karatasi?"

"Ufunguo uko kwa Supavaiza."

"Basi mpigie! Unanitazama nini?"

Nilimpigia. Alikuwa Satellite, na njia ilikuwa imefungana kwa magari. Tulitafuta gari jingine. Mzee Abdalla alikimbia kona hadi kona, kofia ikamwanguka, asigeuke kuiokota. Hapakuwa na gari. Barabara nzima ilikuwa tupu, kwa sababu kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri. Mwishowe walisimamisha gari la mkate kwenye barabara kuu. Bi Zainabu alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Wiki iliyofuata tuliitwa mbele ya wakuu wa chama.

"Mama Njoroge, jibu moja tu," Supavaiza aliniambia. "Kulikuwa na karatasi?"

"Hapakuwa, mkubwa."

Mzee Abdalla hakupaza sauti. "Mama, niliiweka kwa mkono wangu huu."

"Hapakuwa," nikarudia.

Karatasi ilikuwa ndani ya koti nililovaa. Kama ningekubali, swali la pili lingekuwa kwa nini sikugonga, na jibu la swali hilo lingenifukuzisha kazi. Yule shemeji alitamka mbele ya wote kwamba uvivu wa kuandika mstari mmoja ndio uliomwua dada yake. Ndugu za marehemu hawampi Mzee Abdalla mkono hadi leo.

Nilifanya kazi miaka mingine sita. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani, na Supavaiza akawaambia vijana waige mfano wangu, kwa kuwa sikuwahi kulalamikiwa na mtu mkweli. Walipiga makofi. Nilikaa chini.

Ninyi mnaoanza kazi hii, sisemi kwamba barabara haihitaji sheria. Inahitaji, na klampu haina kosa. Lakini usilolijua, liseme siku ya kwanza, likiwa bado dogo, maana la kwangu lilikua hadi likataka mtu wa kulibeba, nami nikamtwika mfiwa.

Jana niliitoa karatasi ndani ya kiondo changu, Wairimu akanisomea: "Niko nyumba namba saba, namchukua mgonjwa. Tafadhali gonga."

"Shosho, si ungemwambia tu mtu hujui kusoma?"

"Andika," nikamwambia.

Kesho tutashuka Mashimoni. Wairimu atayasoma haya dukani kwa Mzee Abdalla, kisha tutakwenda kwa ndugu za marehemu, ayasome tena. Sitaomba kitu. Lakini wajue kwamba karatasi ilikuwepo, na kwamba lango la namba saba ndilo nililoliegemea nilipokuwa nikikaza klampu.