Sauti ya Pelagia Mashineni

Huku kwetu Makere umeme ukikatika, watu hawaulizi utarudi lini. Wanaacha madebe yao kwenye foleni, wanarudi shambani, na swichi ya mashine ya kusaga wanataka iachwe juu. Umeme ukirudi mashine inanguruma yenyewe, mtu aliye bondeni anaisikia, anajua zamu yake inakaribia. Mashine ndiyo kengele. Hakuna aliyeona ubaya wake.

Nkunzimana aliuona. Ndiye fundi anayesaga, Muha wa Murungu kule Kibondo, mrefu, mpole, unga umemwingia mpaka kwenye kope. Kazi alifundishwa huko na mtu anaitwa Marselino. Siku moja umeme ulikatika, Marselino akafungua mashine ageuze nyundo, vile vyuma vya ndani vinavyoponda mahindi. Swichi ilikuwa juu. Nkunzimana alikuwa pembeni anashona gunia. Anasema hakusikia mtu akilia. Alisikia mashine ikisita kidogo, kama imemeza jiwe, halafu ikaendelea. Marselino yuko hai, anachunga mbuzi kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo alipokuja Makere, Nkunzimana alikuja na kufuli lake. Kabla ya kufungua mashine anashusha swichi, anapitisha kufuli kwenye tundu la mpini, ufunguo anauvaa shingoni, anangoja mpaka mkanda utulie kabisa. Wanawake walinung'unika.

"Fundi, umeme ukirudi sisi tutajuaje?" Huyo ni Pelagia, mkulima wa muhogo, mdomo wake haujui kupumzika.

"Nitasimama nje niwapungie."

"Tukuone kutoka bondeni? Labda upakwe chokaa!"

"Si nimeshapakwa unga, shemeji?"

Tulicheka, naye akafunga kufuli lake vilevile.

Mashine ni ya tajiri Ridhiwani, mwenye duka Kasulu mjini. Mdogo wake, Shamsi, ndiye anayetunza stoo ya mahindi jirani na mashine. Siku kufuli la stoo lilipoharibika, Shamsi alilichukua la fundi.

"Kesho nakurudishia. Mahindi ya tajiri yalale wazi, fundi?"

Kesho ikafika, kufuli halikurudi. Asubuhi hiyo chekeche likapasuka, lile bati la matundu linalochuja unga, na unga ukawa unatoka na mapande. Kabla fundi hajazima, umeme ukakatika. Wengi hatukurudi shambani. Tulikuwa na udaga, muhogo wetu wa kuloweka, haujakauka vizuri, tukauanika kwenye mikeka uwanjani. Nkunzimana alishusha swichi, akaitazama sana. Kisha akamwita Pelagia.

"Shemeji, kaa hapa, mgongo kwenye swichi. Asiiguse mtu."

"Nikae tu?"

"Na useme. Nikiwa ndani siioni swichi. Nikisikia sauti yako najua upo. Ukinyamaza natoa mkono."

"Jamani, leo mdomo wangu umepata ajira! Mume wangu asisikie, atataka kula mshahara."

Akaanza. Alimsema mama mkwe, akamsema mbuzi aliyekula kitenge, akarudi tena kwa mama mkwe. Nkunzimana alilala ubavu nyuma ya mashine, mkono ndani mpaka begani. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Upande wa Burundi vilima vilikuwa vimepotea kwenye weusi, upepo ukaanza kuinua pembe za mikeka, na kila mmoja wetu aliona, tukaendelea kucheka.

Mvua ikapiga bati ghafla. Tukatoka mbio kuanua. Pelagia alisimama, akapiga kelele, "Fundi, toka, nakwenda kuanua!" Kwa kelele za bati hata yeye hakujisikia. Aliona miguu ya fundi imejikunja, akadhani amesikia. Udaga ule ndio chakula cha wanawe. Akakimbia.

Shamsi aliingia akikimbia mvua. Kwa kinyozi ng'ambo ya barabara taa ilikuwa imewaka. Akaona swichi iko chini na hakuna mtu mbele ya mashine. "Hawa wamelala?" Akainua mpini.

Mashine ilinguruma. Halafu ikasita.

Tulisimama kwenye mvua, udaga mikononi. Mkeka wa Pelagia ukaanguka. Ndani chuma kilipiga chuma, kisha kitu kikatoboa ukuta wa bati kikaja kuangukia tope mbele yetu. Spana, imepinda. Mashine ikanyamaza.

Hakuna aliyetaka kutangulia. Alitangulia Pelagia. Nkunzimana alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wa kulia kifuani kama mtoto.

"Nionyeshe vidole."

Akaonyesha. Vyote vilikuwepo. Bati lilipoanza kulia hakuisikia tena sauti, basi akatoa mkono kama alivyosema. Spana ndiyo aliyoisahau ndani.

"Niliona umeme umerudi, fundi," Shamsi alisema. "Wallahi sikujua kuna mtu." Aliishusha swichi, akakimbia stoo bila kutumwa, akarudi na kufuli.

Nkunzimana alilifunga. Akalivuta, akalivuta tena. Akangoja mkanda. Vyuma vilivyovunjika vilitakiwa kutolewa, na foleni ilikuwa inamtazama. Akapiga goti. Mkono ulifika kwenye mlango wa mashine, ukarudi.

"Acha, fundi," Pelagia alisema taratibu.

"Kumefungwa. Ufunguo ninao." Alisema hivyo huku akiutazama mkono. Akajaribu tena. Haukuingia.

Tulibeba madebe yetu. Jioni hiyo Makere nzima ilisikika michi tu, kila nyumba inatwanga, na mashine ilibaki wazi, mlango unaning'inia. Nkunzimana alikaa kizingitini. Shamsi alipomuuliza kama kesho atakuja kazini, aliutazama mkono wake, akangoja, kana kwamba ulioulizwa ni huo.