Nani Ataonja Kwanza

Mume wangu alisaidiwa na watu ambao hajawahi kuwapa mkono. Nalisema bila aibu, kwa kuwa kijiji kizima hapa Igurwa kilimwona alipokuwa akilala kwenye mitaro ya mashamba ya kahawa, na aliyekuja kunisaidia kumbeba hakukosa kucheka kwanza.

Tulianzia hospitali. Daktari alimlaza, akatueleza kwamba mnywaji wa gongo wa miaka mingi akiacha ghafla mwili unaweza kumgeuka, akampa dawa mpaka akatulia. Kisha akasema mshauri wa mambo ya ulevi hayupo karibu, ila yupo kwenye simu. Mimi nilicheka. Nilidhani ni njia nyingine tu ya kutumalizia bando. Daktari hakucheka, akamwingiza kwenye kikundi cha simu cha watu wanaoacha pombe.

Basi kila Jumanne alasiri mume wangu alibeba kigoda chake akapanda hadi mwisho wa shamba, maana nyumbani kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Mshauri alikuwa dada wa pwani, mwenye ushungi na sauti ya upole, aliyemwita "baba yangu" huku akimbana kwa maswali. Wenzake kikundini walikuwa watu wa mikoa mbalimbali, wengine wakionekana kwa video, wengine wamezima picha. Mimi nilikuwa nikipalilia jirani, nikijifanya sisikii. Nilimsikia akiwaambia mambo ambayo mimi mkewe sikuwahi kuambiwa. Niliona wivu, halafu nikaona nafuu. Siku akizidiwa na hamu aliwaandikia neno moja tu, nao wakampigia mmoja baada ya mwingine mpaka imwishe. Mungu awabariki watu wale, waliobeba nami shida yangu bila kujua hata sura yangu.

Kisha binti yetu, anayefanya kazi ofisini kule Rubwera, akapata mchumba wa Nyakatuntu, na siku ya wakwe kuleta posa ikapangwa. Hapo mume wangu akaacha kula. Kwetu mwenye nyumba hampi mgeni rubisi kabla hajaonja mwenyewe, mbele ya macho yake, kutoka kibuyu kilekile. Asipoonja, wageni wana haki ya kujiuliza kumetiwa nini. Rubisi ni pombe ya ndizi tu, haina ukali wa gongo, lakini kwake funda moja lingetosha kumrudisha mtaroni.

"Baba yangu, si muwape soda?" aliuliza dada mshauri.

Niliangua kicheko huko migombani, nikajisaliti kwamba nasikiliza. Soda kwa wakwe! Mimi nilikuwa na hila yangu, nikaisogelea simu nikaisema: tumtengee kibuyu cha maji matamu ya ndizi, yaliyochotwa kabla ya kutiwa mtama wa kuchachusha, aonje hayo, kisha nibadilishe vibuyu kabla hakijawafikia wageni. Nani angejua? Mume wangu alikuwa karibu kukubali. Lakini mzee mmoja kikundini, ambaye siku zote alizima picha, akaanza kusema, na matamshi yake tu yakamtambulisha: Mnyambo, mtu wa kabila letu.

"Ndugu yangu, ukiwadanganya wakwe leo, kila sherehe utabeba kibuyu chako cha pembeni? Mficha maradhi kifo humuumbua. Waambie wazi, halafu aonje mwingine wa nyumba yako."

Kusema ni rahisi. Posa husikilizwa na ukoo, na ukoo unaweza kukataa kuchanganya damu na nyumba ya mlevi. Tulimuuliza binti yetu, maana ndoa ilikuwa yake. Akamtazama baba yake akasema, "Baba, mchumba nitapata mwingine."

Siku ilifika. Wageni wakaketi, salamu zikaisha, kibuyu kikaletwa. Mume wangu akasimama.

"Wakwe zangu, mimi ni mgonjwa wa pombe. Natibiwa, tena kwa simu, pamoja na wagonjwa wenzangu, na sharti ni nisiionje kabisa. Mke wangu ataonja badala yangu. Kama hilo linawakwaza, semeni sasa."

Nilipiga magoti, nikavuta kwenye mrija funda refu kuliko lililohitajika, nikiwakazia macho wote mmoja mmoja. Mshenga wao akakohoa. Baba wa bwana harusi akanyoosha mikono miwili, akapokea kibuyu, akanywa, na mazungumzo ya ng'ombe yakaanza. Nilitaka kulia palepale.

Nikaenda jikoni kupakua ndizi. Mama wa bwana harusi akanifuata, nikajua anakuja kunipa yale yasiyosemwa mbele ya wanaume. Nikajiandaa kumjibu vizuri. Alisimama mlangoni, ameikaza kanga yake kifuani.

"Mkwe, hicho kikundi cha mzee wako, mtu anaingiaje?"

Moyo ukanipasuka kwa ajili ya binti yangu. "Ni kwa ajili ya kijana wetu?"

"Kijana hajawahi hata kuionja," akasema. "Ni mimi."

Niliweka mwiko chini, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia tutaanzia hospitali, na kwamba nitakwenda naye.