Kikapu Kilichorudi Kitupu

Makumbusho yetu ya Kasulu ni chumba kimoja nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Ukiingia unapokewa kwanza na harufu ya kahawa, kisha na Mwalimu, mama mstaafu aliyeyaanzisha kwa vyungu viwili vya mama yake. Mwaka ule aliazima vikapu vya harusi kwa akina mama wa vijijini ili avionyeshe. Mimi nilikuwa nimejitolea kumsaidia, maana yake nilifagia.

Shangazi yangu wa Kagerankanda alitoa igiseke alichoolewa nacho, kikapu kirefu chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Alikitoa kimejaa maharage, kwa sababu kwetu huwezi kumpa mtu chombo kitupu. Maharage tuliyapika mchana uleule, tukayasifu sana. Kikapu tukakipangusa kwa brashi laini, tukakiwekea karatasi inayosema kisiguswe.

Maonyesho yalipoisha nilitumwa kukirudisha. Mwalimu alikuwa amefundishwa kwenye semina kwamba kitu cha watu kirudi kikavu na kisafi, basi alikikung'uta, akakifunga kwa khanga mbili, nami nikakipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga. Shangazi alikifungua, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa humo ndani kwa subira. Akakigeuza, akakipiga kitako. Halafu akakifunika.

"Baba," akaniambia taratibu, "kwani mimi na Mwalimu wako tumekosana lini?"

Hakukipokea. Nilirudi mjini nimekipakata tena, na dereva, aliyeshuhudia yote, alicheka kila tulipofika kwenye kona.

Mwalimu aliposikia alikaa chini. Kazi iliyofuata ilikuwa kurekodi nyimbo za kulima, na mtu pekee aliyebaki akiweza kuzianzisha zote ni Shangazi huyohuyo. Akinuna yeye, nyimbo nazo zimenuna. Nilipendekeza tununue biskuti. Mwalimu alinitazama kama anayenitafutia nafasi kabatini, kando ya vyungu. Maharage yake yalikuwa yamekwisha, na mvua za kwanza ndiyo kwanza zinaanza. Mwishowe aliingia stoo, akatoka na karanga zake za mbegu, akajaza mpaka kifuniko kikakataa kukaa sawa.

Tulikwenda pamoja. Shangazi alichukua karanga moja, akaimenya, akaitafuna akimwangalia Mwalimu.

"Hizi si mbegu?"

"Ndizo nilizokuwa nazo."

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Alimwita Mwalimu kichaa, akamuuliza msimu huu atapanda nini, karatasi za makumbusho? Mwalimu, kwa sauti ndogo, akauliza habari za nyimbo. Akajibiwa kwamba nyimbo za kulima haziimbwi na mtu aliyekaa kwenye kiti. Karanga zingepandwa palepale shambani kwake, mavuno wagawane, na majembe tungeshika sote watatu, mimi wa kwanza.

Ndivyo tulivyorekodi, simu ikiwa imefungwa kifuani pa Shangazi kwa khanga. Leo ukisikiliza pale makumbusho, sauti yake inapanda vizuri, majembe yanaitikia, halafu katikati ya ubeti anasikika akisema kwamba mstari wangu umepinda na hata kuku angepanda vizuri zaidi. Wageni huuliza kama hayo nayo ni sehemu ya wimbo. Mwalimu huwajibu kwamba ndiyo, tena hicho ndicho kiitikio.