Maji ya Glasi ya Wageni

Nilipigiwa makofi kwa kuua nyanya za shangazi yangu.

Sio utani. Watu walituma mioyo myekundu, bosi akanipa mkono mbele ya ofisi nzima. Na wakati huohuo nyanya za shangazi zilikuwa zinalala moja baada ya nyingine, majani yakiwa bado ya kijani.

Ngoja nianze mwanzo kabla sijaanza kulia.

Kazi yangu ni kuchukua maneno ya watafiti wa kilimo na kuyafanya yaeleweke. Mtafiti anaandika makurasa ambayo hata mke wake hawezi kuyamaliza. Mimi nayageuza kuwa video fupi, mkulima anaitazama akiwa amekalia ndoo. Mtandaoni wananiita Mwalimu Nyanya. Jina nalipenda, nisiwadanganye.

Sasa, kuna ugonjwa wa mnyauko. Ukishaingia kwenye udongo unakaa miaka, na dawa hauna. Lakini una kipimo kitamu sana kwa kamera. Unakata shina la mnyanya unaoumwa, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unasubiri kidogo. Kama ni wenyewe, uzi mweupe kama maziwa unaanza kushuka majini. Ukiuona mara ya kwanza, mwili unasisimka.

Shina nililitoa kwenye shamba moja lililokwisha kabisa. Kurekodi nikaenda kwa shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Kwake kuna mwanga mzuri, nyanya zilikuwa zimenona, na yeye mwenyewe kamera inampenda.

"Shangazi, naomba glasi."

"Ya kawaida au ya wageni?"

"Inayong'aa."

Akanitolea ya wageni, ile ambayo utotoni nilikatazwa hata kuisogelea.

Uzi ukashuka vizuri. Shangazi akashika mdomo. "Makubwa haya!"

Tulipomaliza, nikayamwaga yale maji kwenye mnyanya wake uliokuwa karibu. Sikufikiri hata kidogo. Nyumba ile nimekua nikijua maji hayachezewi.

Tena nikaona pamependeza. Nikakiweka kipande hicho mwisho wa video, na muziki juu.

"Hata maji hajapoteza! Huyu ndiye mwalimu!" watu wakaandika. Nikavimba kichwa.

Baadaye shangazi akanipigia.

"Mwanangu, mbona nyanya zangu zimelala? Labda kuna mahali sikukuelewa vizuri."

Eti yeye ndiye hakuelewa.

Nikampigia mtafiti wetu. Ni mtu wa maneno machache mno. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

"Yale maji ya glasi ulimwaga wapi?"

Nilikaa chini palepale kwenye korido ya ofisi, watu wakinipita.

Nikafunga safari kwenda kumwambia shangazi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Nilipofika, mlango umerudishiwa, mtu hayupo. Sauti yake ilikuwa inatoka shambani kwa jirani.

Nikamkuta amezungukwa na kina mama. Mkononi kashika ile glasi ya wageni, ndani yake linaning'inia shina kutoka shambani kwake.

"Mnauona huo uzi? Ndio ugonjwa wenyewe. Mwanangu kanifundisha."

Wakapiga makofi.

Kisha shangazi akaugeuza mkono taratibu, vilevile nilivyougeuza mimi kwenye video, akamwaga maji kwenye mnyanya wa jirani.

"Shangazi, usimwage!"

Nilikuwa nimeshachelewa.

"Kwani vipi? Si ndivyo ulivyofanya wewe?"

Nikamvuta pembeni, nikamwambia yote. Kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya yale maji. Kwamba nilimletea mimi, mpaka mlangoni.

"Kwa hiyo wote niliokwenda kuwaonyesha..."

"Wote, shangazi."

Akaifunika ile glasi kwa khanga. Hakunitukana. Bora angenitukana.

"Twende tukawaambie," akasema.

Tulianza na yule yule jirani. Nikasema waziwazi, "Kosa ni langu. Shangazi aliiga nilichofanya."

Jirani akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, acha bwana. Tunajua unamfichia shangazi yako aibu. Mtoto umelelewa wewe!"

Nikatoa simu, nikamwonyesha video. Akaitazama mpaka mwisho.

"Hapo wewe ulimwaga kwa shangazi yako. Kwangu alikuja kumwaga yeye."

Na ni kweli.

Nyumba ya pili mambo yakawa hayohayo. Na ya tatu. Kila nilipojishtaki nilivutiwa kiti. Shangazi aliachwa amesimama, glasi imefichwa ndani ya khanga.

Yale mashamba sasa wamepanda mahindi. Nyanya, wasahau kwa miaka. Shangazi haitwi tena kwa majirani. Mimi kazini bado nipo. Video niliifuta, lakini watu walishaihifadhi kwenye simu zao, na mpaka leo kuna wanaonitumia wakinishukuru. Nilitengeneza nyingine, ya kuchemsha yale maji na kusafisha kisu kwa klorini. Haina uzi mweupe wala muziki wa kusisimua. Walioitazama wanaenea kwenye benchi moja.

Juzi nilimwambia shangazi nataka kurudi kwa majirani nikajaribu tena.

"Usirudi, mwanangu," akasema. "Kila ukinitetea, wanazidi kukusifu wewe."

Wewe unayefundisha watu chochote kile, chunga mikono yako kuliko mdomo wako. Maneno watayasahau. Mikono wataiiga ilivyo, na makosa yake yote, tena kwa upendo.

Na kama ulitaka kuniandikia hapo chini hongera kwa kusema ukweli, nakuomba, usiandike.