Kikombe Changu na Flashi Yake

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kompyuta kutoka chuo kilichokuwa juu ya duka la viatu, na kiburi ambacho mama alisema nilizaliwa nacho. Mwaka huo wa 2007 duka moja la pembejeo mjini Nakuru lilinichukua kwa majaribio. Tuliuza mbegu, dawa za viazi na chakula cha ng'ombe, na wateja wengi walishuka kutoka Dundori wakiwa na matope kwenye gambuti. Mwenye duka alikuwa mzee Mhindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, aliyesali kwa Kigujarati na kutukana kwa Kiswahili. Sote tulimwita Boss. Aliniambia nikikaa miezi mitatu bila kumwudhi atanipa barua ya kazi. Barua hiyo niliitaka sana, kwa sababu nyumbani, mtaa wa Rhonda, tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na mama hakuwa na nguvu za kufanya kazi.

Nilipewa kompyuta tatu nizitunze, mbili za kaunta na moja ya ofisini kwa Boss. Ya nne ilikuwa stoo, kuukuu, haina hata waya wa intaneti. Nilichokikuta kilinitia hasira. Kivinjari, ambacho siku hizo hakuna aliyekiita hivyo, tulisema tu "internet", kilikuwa kimerundikiwa vitufe vya ajabu ajabu mpaka ukurasa wenyewe ukabaki upana wa kiganja. Kilikumbuka neno la siri la kila mtu. Mtu yeyote angekaa kaunta, abonyeze mara moja, na awe ndani ya barua pepe za Boss, zile alizoagizia mbegu kutoka ng'ambo. Na kila asubuhi kidirisha chekundu kiliruka kutangaza kwamba mashine ni mgonjwa, bonyeza hapa ipone. Wenzangu walibonyeza. Mimi mganga akija mlangoni bila kuitwa, simfungulii.

Nilifuta takataka zote, nikampa kila mtu neno lake la siri, nikakataza simu za kurushiana nyimbo kuchomekwa kwenye mashine za kazi. Walinung'unika wiki nzima. Niliwaacha wanung'unike.

Kilichobaki kunishinda ni flashi ya salesman wetu. Huyu alikuwa mtu mzima, mcheshi, anayependwa na wateja kote alikozunguka kuuza, na flashi yake aliivaa shingoni kwa kamba nyekundu. Iliingia katika kila cyber na kila ofisi aliyopita. Siku hizo mgeni akifika na flashi uliipokea na kuichomeka bila swali, kama unavyompa chai. Kumkatalia ilikuwa dharau. Lakini flashi hiyo ilikuwa imezilaza mashine mbili za kaunta, na mimi ndiye niliyezifufua.

Jumamosi moja duka likiwa limejaa, akaivua shingoni.

"Sasa madam. Niprintie hii haraka, kuna customer ananingoja."

"Haiingii."

"Kwani?"

"Iko na virusi," nikasema, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimechoka. "Na unavisambaza kila mahali unaenda!"

Mathe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa amesimama karibu naye, alisogeza gunia lake, kisha akasogea mwenyewe. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Mwaka huo neno virusi lilikuwa na maana moja tu, ile ya kwenye kuta za zahanati na ya matanga ambako mchungaji husema marehemu aliugua kwa muda mrefu. Na Kiswahili chetu cha bara kikanimaliza kabisa. Sisi husema "iko" kwa flashi, kwa ng'ombe, na wengine kwa mtu. Nusu ya duka ilisikia kwamba salesman ndiye mwenye virusi, na kwamba anavisambaza.

Niliona aibu, tena kubwa, kwa sababu neno hilo nililijua kuliko wote mle ndani. Mama alikuwa navyo. Majirani walikuwa wakikwepa vikombe vyetu tangu nikiwa shule.

Jumatatu asubuhi mke wa salesman alifika. Alikuwa mama mnene, mpole wa sura, na macho mekundu.

"Ni wewe ulisema bwanangu ako na virusi?"

Boss alitoka ofisini. Salesman alisimama mlangoni akitazama chini. Wateja wawili walijifanya wanasoma bei za mbolea.

"Omba msamaha," Boss akaniambia, "halafu uweke hiyo flash kwa mashine, watu waone iko safi. Hutaki, chukua bag yako uende."

Nilimwomba mama yule msamaha, kwa moyo wangu wote. Kisha nikachukua begi langu, nikalitia begani.

"Flash siweki," nikasema. "Na hilo neno nimelitumia vibaya, lakini si tusi. Mamangu ako na virusi, vya ukweli. Anameza dawa kila asubuhi, tunakula sahani moja, na hajaniambukiza kitu. Hii ya bwanako ndio inaambukiza. Na hakuna mtu hapa anaiogopa!"

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakavyomwambia mama kwamba kazi imekwisha.

Aliyeniokoa ni mke yule. Alimnyang'anya mumewe flashi shingoni, akasema, "Basi nionyeshe hivyo vya flash."

Tukaenda stoo, kwenye ile mashine kuukuu. Niliichomeka. Folda za salesman zikajitokeza, na kando ya kila folda ikazuka pacha yake, jina lile lile. Niliwaeleza kwamba ukibonyeza pacha hiyo umevifungulia virusi mlango.

"Hiki kitu kilifika kwa mashine yangu?" Boss akauliza.

"Za kaunta, ndiyo. Yako bado, kwa sababu nilikataa."

Baadaye alinipitia kaunta akasema niweke begi chini, nafunga njia.

Jioni nilimsimulia mama. Nilitarajia acheke. "Umenitangaza," akasema. "Ungeniuliza kwanza." Mimi niliyekuwa nikipiga kelele kuhusu siri za Boss nilikuwa nimeitoa siri ya mama yangu mbele ya wateja. Akaendelea kuchambua sukuma wiki. "Watakitenga kikombe chako," akasema. "Wakikitenga, kirudishe. Mimi huwa nakirudisha."

Na kweli. Kesho yake, saa nne ya chai, kikombe changu cha bati chenye ua la bluu kilikuwa dirishani peke yake, kimefunikwa kwa karatasi. Watu wale wale walikuwa wakishinda wakipokezana flashi bila hata kuifuta vumbi. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikichukua, nikakiweka katikati ya sinia, katikati kabisa. Siku iliyofuata kilikuwa dirishani tena. Nikakirudisha. Sikuuliza ni nani, na sikutaka kujua.

Juu ya ile mashine ya stoo nilibandika karatasi: PIMA KWANZA. Wa kwanza kuja alikuwa salesman. Alisimama mbele ya wateja, akanyoosha ile kamba nyekundu na kusema, "Madam, nimekuja kupimwa." Duka zima likaangua kicheko, naye akacheka nao.

Miezi mitatu ilipotimia Boss alinipa barua yangu, kwenye bahasha iliyotumika, akanionya nisiwe na kichwa kikubwa. Kikombe bado kilikuwa kikitengwa. Kisha asubuhi moja nilienda dirishani nikakuta hakipo, na kwenye sinia pia hakipo. Salesman alikuwa amekalia gunia la pumba, anakinywea chai.

"Hicho ni changu," nikamwambia.

"Najua," akasema, akapiga funda lingine.

Sikumshukuru. Kunywa chai si kazi ya kushukuriwa. Nilimwambia akimaliza akioshe, kama mtu mwingine yeyote, na anipe hiyo flashi niipime.